Komunyo: Meza Ambayo Si Kila Mkatoliki Huikaribia

Ndugu msomaji, huenda nawe yamewahi kukufika. Uko bara kwa kazi, umepata rafiki wa kweli, na siku moja rafiki huyo anakuletea kadi: binti yake atapokea Komunyo ya Kwanza Jumapili, na chakula ni nyumbani baada ya misa. Kukataa ni utovu wa adabu. Kwenda nako, utakaa wapi, na utafanya nini wenyewe wakifanya yao? Mimi nilikwenda. Ilikuwa Thika, mji wa viwanda na mananasi, na alfajiri yangu nilikwisha kuisali msikitini kabla ya kuongozana na rafiki yangu kanisani.

Nyimbo na kayamba hazikunishangaza. Hizo husikika hata ukipita njia. Kilichonishangaza ni foleni. Misa ilipokaribia mwisho watu waliinuka benchi baada ya benchi, wakaenda mbele polepole, mikono imeshikana kifuani. Padre alimwinulia kila mmoja kijimkate cheupe, chembamba kama karatasi, akasema, "Mwili wa Kristo." Mtu akajibu, "Amina," akakitia kinywani, akarudi kupiga magoti kimya. Kijimkate hicho huitwa hostia. Wakatoliki hawasemi wamekula hostia. Husema wamepokea, au wamekomunika.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti huuona mkate huo kuwa ukumbusho au ishara ya karamu ya mwisho ya Nabii Isa na wanafunzi wake. Mkatoliki haishii hapo. Imani yake ni kwamba padre akishayatamka maneno ya Isa juu ya mkate na divai, kinachobaki cha mkate ni umbo na ladha tu; kitu chenyewe kimegeuka kuwa mwili na damu ya Kristo. Wao huliita jambo hilo mageuzo, na mtaguso wa Laterano, uliokutana Roma mwaka 1215, ulilitia neno lake la Kilatini katika mafundisho rasmi.

Mwislamu na Mkatoliki huachana njia hapo, na si uungwana kujifanya hawaachani. Kwetu Isa bin Maryam ni mtume, na hapana zaidi. Hata hivyo habari ya meza si ngeni masikioni mwetu: tunayo Sura al-Maida, iliyopewa jina la meza ambayo hawariyuna waliomba iteremshwe kutoka mbinguni. Wala meza hii ya Wakatoliki haikuanza bara. Misa ilisomwa Mombasa karne nyingi kabla ya reli, tangu enzi za Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Yusuf bin Hasan, mfalme wetu aliyelelewa na mapadre wa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, alikuwa wa meza hiyo hiyo mpaka alipoirudia dini ya wazee wake na kuwageukia Wareno mwaka 1631. Tena neno "meza" lenyewe ni la Wareno hao, kama "padre".

Kama sisi tusivyosimama kusali bila udhu, wao nao hawaendi altareni hivi hivi. Mtu hujizuia kula na kunywa kwa saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa. Zamani walijizuia tangu saa sita ya usiku. Papa Paulo wa Sita ndiye aliyepunguza muda huo kuwa saa moja, mwaka 1964. Mwenye dhambi kubwa sharti aungame kwanza kwa padre. Mkate uwe wa ngano na maji tu, usiotiwa chachu, na divai iwe ya zabibu. Mwanateolojia wa Kameruni, Jean-Marc Ela, aliuliza kwa nini Mwafrika anayelima mtama asiitoe ibada yake kwa mtama, Roma haijakubali. Na anayedhani watu hulewa huko, ajue kwamba wengi siku hiyo walipokea hostia peke yake, kwa kuwa huamini Kristo yumo mzima katika kila kimoja.

Zamu ya benchi letu ilifika. Binti, gauni jeupe na shela kichwani, alikuwa mbele na wenzake. Watu wakanipita magotini. Mimi nilibaki nimekaa, maana si mahali pangu. Nilipogeuka nikamwona rafiki yangu naye amekaa, na mkewe kando yake, macho chini.

Aliniambia sababu tukirudi kwa miguu. Wameishi pamoja miaka 11. Mahari alilipa, mbuzi walichinjwa, wazee wa pande zote wakaridhia. Lakini hawajafunga ndoa mbele ya padre na mashahidi wawili, na kwa sheria ya kanisa lao anayeishi hivyo haikaribii Komunyo. Nilimuuliza, "Basi ndugu yangu, si mwende mkafunge?" Akacheka bila furaha. Gauni, keki, magari, kamati ya harusi, hayo yote ni pesa. Kwa kweli kanisa halidai hata kimoja kati ya hivyo. Ziko parokia zinazofungisha watu wengi siku moja bila mbwembwe. Kinachodai ni macho ya jirani. Nasi wa pwani tusimcheke, tunajua tunavyokopa kwa ajili ya harusi.

Kilichomuuma zaidi ni habari ya mama yake, mzee aliyelazwa na maradhi kijijini. Padre humpelekea Komunyo kitandani. Ile inayopewa mtu anayekaribia kufa wana jina lake la Kilatini, viaticum, maana yake masurufu ya safari. Sikutarajia kulikuta neno letu la mabaharia katika jambo hilo. "Mama anayo masurufu yake," alisema. "Mimi nalala kila siku bila."

Nyumbani tulikuta wageni wamejaa uani. Nyama yangu ilikuwa imenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu na kupikwa sufuria mbali. Heshima hiyo sitaisahau. Tukiwa katikati ya chakula yule binti, shela amekwisha kuivua, alimsogelea baba yake akamuuliza mbele yetu sote, "Baba, mbona hukuja kupokea na mimi?"

Mama mtu aliacha kupakua. Rafiki yangu alimpangusa mtoto mchuzi shavuni, kisha akamtazama mkewe.

"Padre yuko ofisini Jumanne," mkewe akasema.

"Jumanne niko zamu ya usiku," akajibu. "Tutakwenda asubuhi."