Upanga Kwenye Kipanya

Katika michezo mingi ya video, upanga ni kitufe tu: mchezaji anabofya, adui anapungukiwa uhai. Michezo inayoiga vita vya Ulaya ya Enzi za Kati inadai zaidi. Mchezaji huchagua pigo litokee upande gani, na mpinzani wake hulisoma na kulikinga kabla halijamfikia. Hapo ndipo michezo hii inapotofautiana zaidi, kuliko katika uzuri wa picha au mng'aro wa deraya.

Mount & Blade, uliotolewa mwaka 2008 na studio ya TaleWorlds ya Ankara, Uturuki, ulitumia pande nne: juu, kushoto, kulia na kuchoma. Kipanya kikisogezwa kulia, upanga huinuka kulia, na asiye na ngao lazima akinge upande huohuo. Mwendo nao huhesabiwa: mkuki wa mpanda farasi anayekuja mbio huua pale ambapo mkuki wa aliyesimama ungejeruhi tu.

For Honor wa Ubisoft (2017) una pande tatu, tena alama kwenye skrini humwonyesha mchezaji pigo linatoka wapi. Kwa hiyo uko karibu zaidi na michezo ya ngumi ya ana kwa ana, ambamo kila shujaa ana mapigo yake ya kukaririwa. Kwamba samurai anapigana na Waviking ni jambo la kufumbia macho.

Utata mkubwa uko kwa Chivalry: Medieval Warfare, uliotolewa mwaka 2012 na Torn Banner ya Toronto, Kanada. Humo pigo huumiza pale tu makali yanapogusa mwili. Wachezaji wakagundua kwamba ukigeuza kiwiliwili kuelekea upande wa pigo, makali hufika mapema; ukikigeuza kinyume, huchelewa, na mpinzani aliyekinga kwa pupa huwa ameshashusha upanga. Wengine walimpa adui mgongo kabisa na kumkata kwa nyuma, kioja ambacho hakuna mwalimu wa upanga angekifundisha.

Mordhau, kazi ya studio ya Triternion ya Slovenia (2019), uliifanya hila hiyo kuwa ufundi wenyewe. Ukaongeza pembe nyingi za kupiga na uwezo wa kugeuza mkato kuwa mchomo katikati ya safari. Mtaalamu huutawala uwanja. Mgeni hufa mara kadhaa bila kujua kilichomuua. Chivalry 2 (2021) ulielekea kwenye fujo ya kufurahisha: wachezaji 64, silaha zinazorushwa, hata kuku, na askari aliyekatwa mkono akiendelea kupigana kwa ule uliobaki.

Kingdom Come: Deliverance (2018), wa Warhorse ya Prague, huchezwa na mtu mmoja katika Bohemia ya mwaka 1403. Henry, mwana wa mhunzi, huanza bila kujua upanga, na mkato wake hauifanyi kitu deraya ya bamba. Rungu ndilo huitikisa. Dosari ya mchezo huu ni pigo la kujibu lililo kali mno, hata kungoja kukawa na faida zaidi kuliko kushambulia. Toleo la pili, la mwaka 2025, lilipunguza pande za kupiga hadi nne na kuliacha pigo hilo kwa wenye panga pekee.