Mnara wa Simu Katika Shehia: Nani Huamua, na Mkaazi Aseme Wapi

Mkaazi anapopata habari kwamba kiwanja cha jirani yake kinakusudiwa kujengwa mnara wa simu, jambo la kwanza linalomjia ni khofu ya mionzi. Huandika barua kwa sheha, au hutia saini barua iliyoandikwa na wengine, na barua hiyo kwa kawaida hueleza khofu hiyo peke yake. Baada ya muda mnara hujengwa, na waliotia saini huamini kwamba hawakusikilizwa. Mara nyingi ukweli ni kwamba jambo waliloliandika halikuwa katika uwezo wa ofisi waliyoipelekea, na mambo yaliyokuwamo katika uwezo wa ofisi hiyo hakuna aliyeyataja.

Ili kulifahamu hilo yafaa kurejea kwenye Muungano wenyewe. Hati za Muungano za mwaka 1964 ziliuweka usafiri wa anga pamoja na posta na simu miongoni mwa mambo ya Muungano, na ndivyo mambo hayo yalivyo katika Katiba hadi leo. Ardhi haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mnara mmoja unasimama chini ya mamlaka mbili: mawimbi yanayotoka katika antena zake yanasimamiwa na taasisi za Muungano, na kiwanja ambacho miguu yake imechimbiwa kinasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kampuni yenye leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeruhusiwa kutoa huduma ya simu. Leseni hiyo haiipi haki ya kuchimba shimo hata moja la msingi katika shehia yoyote. Vivyo hivyo, ofisi inayotoa kibali cha ujenzi haina kipimo wala uwezo wa kisheria wa kuamua nguvu ya mawimbi.

Suala la afya, basi, lina mlango wake. Kazi ya kupima mionzi katika minara ya simu, Bara na Visiwani, ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Viwango vinavyotumika kimataifa ni vya tume ya wanasayansi ijulikanayo kwa kifupi ICNIRP, vilivyotolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2020. Kwa masafa ya megahezi 900, ambayo ni miongoni mwa masafa ya zamani zaidi ya simu za mkononi, kiwango cha juu kwa raia wa kawaida ni wati 4.5 kwa kila mita moja ya mraba.

Hesabu ifuatayo si ngumu. Chukua transmita ya wati 20 ambayo antena yake inayakusanya mawimbi upande mmoja kwa mara hamsini, kiasi cha kuwa sawa na wati 1,000 katika uelekeo huo. Mtu aliyesimama umbali wa mita 50, mbele kabisa ya antena bila ya ukuta kati yao, atafikiwa na takriban wati 0.03 kwa mita ya mraba. Akienda mita 100, yaani umbali mara mbili, kiasi hicho hakipungui kwa nusu bali kwa robo tatu, na kubaki wati 0.008. Transmita za namna hiyo zikiwa kumi katika antena ile ile, jumla katika mita 100 itakuwa wati 0.08, ambayo haifiki sehemu moja katika hamsini ya kiwango kilichotajwa. Isitoshe, antena hizo huelekezwa mbali, karibu sambamba na ardhi, na si chini miguuni mwa mnara.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Habari hiyo imenukuliwa mara nyingi katika mabishano ya minara. Lakini ushahidi uliozingatiwa zaidi ulihusu simu inayowekwa sikioni kwa muda mrefu, si mnara ulio mbali. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulistaajabia: simu inapokuwa mbali na mnara huongeza nguvu yake ili isikike, na inapokuwa karibu huipunguza. Shehia inayoukataa mnara na ikaendelea kutumia simu kwa mawasiliano hafifu haijapunguza mionzi inayofika kichwani mwa mtumiaji, huenda imeiongeza.

Haina maana kwamba khofu yote haina msingi. Ipo sehemu moja ambapo hatari ni ya kweli, nayo ni mbele ya antena yenyewe, katika mita chache za mwanzo. Mnara wa mita 40 uliosimama shambani hauna mtu katika nafasi hiyo. Antena iliyofungwa juu ya dari la nyumba mjini ni jambo jingine. Juu ya madari watu huanika nguo, hupanda kutengeneza tangi la maji, na watoto hucheza. Katika maombi ya namna hiyo suali la kuuliza ni kama antena imepandishwa juu ya vichwa vya watu, kama imezungushiwa uzio wenye alama ya onyo, na nani anashika ufunguo wa mlango wa ngazi. Hayo ni masuali ya mchoro wa ujenzi, na ofisi ya mipango inaweza kuyasimamia.

Hapo ndipo uwezo wa Zanzibar unapoanza, na ni mpana kuliko inavyodhaniwa. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Anayekodisha kona ya kiwanja chake kwa kampuni ya simu anabadilisha matumizi ya sehemu hiyo, kutoka makaazi au kilimo na kuwa biashara, na mabadiliko hayo hayakamiliki kwa makubaliano ya watu wawili peke yao. Iwapo nyumba ni ya wakfu, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe, anayeishi ndani hana mamlaka ya kulikodisha dari lake hata kama familia yake imekaa humo vizazi vitatu. Wa kuulizwa ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kukaguliwa katika ombi lolote ni ile inayoonesha nani mwenye haki ya kiwanja, kabla ya kuangalia urefu wa mnara.

Baada ya hapo huja masafa baina ya mnara na nyumba. Nchi nyingi hufuata kanuni nyepesi: mnara uwe mbali na nyumba ya jirani kwa umbali usiopungua urefu wake, ili ukianguka uangukie uwanjani. Katika visiwa hivi kanuni hiyo ina uzito wa pekee. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Mnara uliopakwa vyema siku ya kwanza unahitaji kukaguliwa boliti zake miaka yote inayofuata, khasa ule uliosimama upande unaopigwa na upepo wa kusi. Ombi lisiloeleza nani atafanya ukaguzi huo ni pungufu, hata likiwa na michoro mizuri.

Jenereta nayo husahauliwa. Wakaazi wa Unguja hawana haja ya kuelezwa kwa nini kampuni huleta jenereta: umeme ulikatika kwa takriban mwezi mmoja katika Mei na Juni 2008, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya umeme unaotoka Bara kwa kupita chini ya bahari hadi Fumba ilipopata hitilafu. Waya wa pili wa mwaka 2013 umepunguza shida hiyo, lakini mnara bado huwekewa umeme wa akiba. Jenereta inayonguruma usiku chini ya dirisha la jirani ni kero iliyo wazi kuliko wimbi lisiloonekana. Mafuta yake ni jambo zito zaidi. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la chokaa lenye matundu, na kinachomwagika juu hakichukui muda mrefu kuyafikia maji ya visima. Tangi la dizeli lisilo na sakafu na ukingo wa kuzuia mvujo, likiwekwa karibu na kisima cha shehia, ni sababu ya kutosha ya kuomba eneo libadilishwe, na ni hoja ambayo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar inaweza kuifanyia kazi.

Mji Mkongwe una hukumu yake. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 mji huo umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, eneo la karibu hekta 96. Mwenye kufika kwa bahari huuona kwanza kwa mapaa yake: mnara wa saa wa Beit al-Ajaib hadi ulipoporomoka mwaka 2020, Minara Miwili ya kanisa la Mtakatifu Joseph, na minara ya misikiti. Nguzo ya chuma iliyopanda juu ya hayo hubadilisha sura ambayo ndiyo iliyohifadhiwa. Ujenzi mkubwa ndani ya eneo hilo hutakiwa kuarifiwa kwa Kamati ya Urithi wa Dunia kabla ya uamuzi usioweza kurudishwa nyuma.

Zaidi ya sura kuna uzito. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zinabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Boriti iliyonyeshewa miaka mingi chini ya dari linalovuja haikusudiwa kubeba betri, makabati ya mitambo na nguzo inayotikiswa na upepo. Majumba ya saruji ya Michenzani yana uwezo tofauti, nayo pia huhitaji cheti cha mhandisi. Mwombaji anayesema dari litahimili, bila ya hesabu ya mhandisi, hajasema kitu.

Kuhusu ndege, taratibu za kimataifa zinaweka mpaka wa kimo kuzunguka viwanja. Kwa njia kubwa ya ndege kama ile ya Uwanja wa Abeid Amani Karume, ndani ya kilomita 4 kitu kirefu hakitarajiwi kuvuka mita 45 juu ya usawa wa kiwanja bila ya kuchunguzwa, na karibu zaidi na mkondo wa kupaa na kutua mpaka huo hushuka. Wakaazi wa Kiembesamaki na jirani zake wafahamu kwamba ombi la mnara katika maeneo yao linahitaji pia kauli ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Lipo pia suali ambalo ofisi inayopitia ombi inapaswa kuliuliza kabla ya yote, nalo ni kama mnara mpya unahitajika kweli. Kanuni za mawasiliano za Tanzania zinazitaka kampuni kushirikiana miundombinu. Pale minara miwili imesimama umbali wa kutupa jiwe, kila mmoja na jenereta yake, ni haki kumwuliza mwombaji wa tatu kwa nini hakuomba nafasi katika mmojawapo. Jawabu la kwamba mnara uliopo umejaa linaweza kuwa sahihi. Lakini liwe na barua ya mwenye mnara huo.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Kisiwa kidogo au kijiji cha pembeni kisichopata mawasiliano kinapoteza kitu kila siku: mvuvi aliyeharibikiwa na mashine nje ya mwamba, mjamzito anayehitaji gari usiku. Mapitio ya ardhi hayakuwekwa ili kuzuia minara. Yamewekwa ili kila mnara usimame pahala unapofaa, na mara nyingi pahala hapo ni mita mia mbili kutoka pale mwombaji alipopachagua kwa sababu mwenye kiwanja alikubali kodi ya chini.

Mkaazi mwenye pingamizi, kwa hiyo, aandike barua mbili badala ya moja. Suala la mionzi alipeleke Tume ya Nguvu za Atomiki, akiomba kipimo kifanywe katika nyumba yake na apewe matokeo kwa maandishi. Barua ya pili iende kwa ofisi inayoshughulikia kibali cha ujenzi, kwa kupitia kwa sheha, na kwa Mji Mkongwe iende pia kwa Mamlaka ya Hifadhi. Ndani yake ataje namba ya kiwanja, umbali wa mnara hadi nyumba yake kwa mita, kilipo kisima cha karibu, na hati za umiliki anazozitilia shaka. Barua ipelekwe kabla ya kibali kutolewa, kwani baada ya msingi kumwagwa zege kazi ya kuuhamisha mnara huwa ya mahakama. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na mwandishi abaki nayo.