Je, Kuchonga Injini Huongeza Nguvu za Gari?

Gari liondokapo Kifaru, chini ya milima ya Upare, na kuanza kupanda, nguvu zake hupungua. Hewa ya mlimani ni nyepesi: kwa kila mita 1,000 za mwinuko, injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Baadhi ya mafundi hushauri kutanua njia za hewa au kuweka gasketi nyembamba. Je, yafaa?

Nguvu hutokana na wingi wa hewa na petroli viunguavyo ndani ya silinda. Njia pana hufaa injini izungukapo kasi mno, kama katika mashindano. Katika mzunguko wa polepole, hewa hupoteza mwendo na mvuto huweza kupungua. Gasketi nyembamba huongeza mgandamizo. Ukipanda kutoka 8 kwa 1 hadi 9 kwa 1, faida ya kinadharia ni asilimia 3 au 4 tu. Petroli isipoumudu, huripuka ovyo, injini hugonga, na pistoni huweza kutoboka abiria wakiwa njiani.

Chuma kikishachongwa hakirudi. Kwanza vali, plagi na chujio la hewa vikaguliwe. Mara nyingi nguvu zilizopotea hupatikana humo.