Kidonda cha Moto Kimefunga, Kovu Je?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tuzungumze juu ya mtoto aliyeungua kwa uji, chai au moto wa mafiga, na sasa kidonda kimefunga.

Wengi hudhani kazi imeisha hapo. La hasha! Kovu la moto huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Miezi ya kwanza huweza kuinuka, kuwa gumu na kuwasha. Likiwa kwenye kiwiko au vidole, huvuta ngozi, na mkono ukabaki umejikunja.

Msaada mmoja ni karatasi ya silikoni, kipande laini kinachonata kidogo na kubandikwa juu ya kovu. Imetumika kwa makovu ya moto tangu mapema miaka ya 1980. Huhifadhi unyevu wa ngozi, na kovu huweza kulainika na kushuka polepole. Halitoweki, na si wote hufaidika sawa.

Jinsi ya kuchagua
Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Pakiti iwe imefungwa, na imeandikwa kuwa ni silikoni ya makovu. Karatasi ya nailoni au plasta ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Kata kipande kinachozidi kovu kidogo kila upande.

Jinsi ya kutumia
1. Hakikisha ngozi imefunga kabisa. Ukiona majimaji, damu, usaha au gamba, usibandike.
2. Osha kovu, likauke vizuri. Usipake mafuta kabla ya kubandika, kwani haitanata.
3. Anza kwa muda wa saa 2 hadi 4 kwa siku. Ongeza pole pole hadi saa 12 au zaidi, kwa miezi 2 au 3 angalau.
4. Kila siku ibandue na kuiosha kwa sabuni isiyo kali. Kikombe kimoja cha maji safi chatosha. Iache ikauke yenyewe mbali na vumbi, kisha itumie tena. Isiponata tena, badilisha.

Kwenye joto kama la Kibwezi au Mutomo, jasho huweza kuleta vipele. Vikitokea, ibandue mpaka viishe, kisha uanze tena kwa saa chache. Angalia pia mtoto asiibandue akaitia mdomoni.

Je, kama huna pesa?
Karatasi hizi ni ghali. Mama, usiuze mbuzi kwa sababu yake. Sugua kovu taratibu kwa kidole na mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mara kadhaa kwa siku. Lifunike lisipigwe na jua. Zaidi ya yote, nyoosha kiungo hicho kila siku, hata kama unatumia silikoni, kwa sababu silikoni pekee haizuii mkono kujikunja.

Ukiona kiungo kinaanza kukaza, usingoje. Mpeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu, au umwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui, au ile ya Makueni mjini Wote.

Kumbuka: kidonda kikifunga, utunzaji wa kovu ndio unaanza.