Kila Badiliko Lina Uzito Wake

Ajengaye mashua ya chuma ya matanga kwa safari ndefu huanza na ramani ya mchoraji. Punde matamanio yake huingia: kibanda kiinuliwe, kitanda kiongezwe, mlingoti usogezwe. Chuma nacho humtia moyo, kwani hukatwa na kuchomelewa upya bila taabu kubwa. Urahisi huo ndio unaoponza miradi mingi.

Tupige hesabu. Bamba la chuma likizidishwa unene kwa milimita 1, kila mita ya mraba huongezeka karibu kilo 8. Sitaha ya mita za mraba 30 itabeba kilo 240 za ziada, tena juu, mahali pabaya. Mashua italala zaidi ikipigwa na upepo, na itachelewa kuinuka. Ukiongeza farumi mkukuni ili kuituliza, itazama zaidi majini na mwendo utapungua.

Mabadiliko ya ndani nayo yana deni lake. Kutu ya mashua ya chuma mara nyingi huanzia ndani, kwenye pembe zinazotuamisha maji. Kabati zuri lililofungwa moja kwa moja juu ya mataruma huficha pembe hizo, na brashi ya rangi haifiki tena.

Hata hivyo, ramani si amri isiyoguswa. Mfaransa Bernard Moitessier alipata mashua yake Joshua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilichorwa na Jean Knocker, ikajengwa kwa chuma na Jean Fricaud huko Chauffailles, mji ulio mbali na bahari. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 12, na milingoti yake ilikuwa nguzo za mbao kama zile za simu. Baadaye Moitessier aliiwekea kuba dogo la chuma lenye vioo, apate kushika usukani akiwa ndani mawimbi yakichafuka. Mwaka 1968, kabla ya kung'oa nanga Plymouth, Uingereza, kuizunguka dunia peke yake, aliteremsha hata injini. Kuba lilitokana na mawimbi aliyoyajua, na uzito alioupunguza ulikuwa mkubwa kuliko ule aliouongeza. Alisafiri bila kutia nanga hadi Tahiti, alikofika mwaka 1969. Dhoruba ilipoitupa Joshua ufukweni Mexico mwaka 1982, iliokolewa ikatengenezwa, na leo imo katika jumba la makumbusho ya bahari la La Rochelle, Ufaransa.

Kwa hiyo mchoraji aulizwe kabla bamba halijakatwa, kila kifaa kipimwe kabla hakijapandishwa, na kila pembe iachiwe njia ya mkono. Mwenye mashua ana haki ya kubadili ramani, lakini haki hiyo inamdai hesabu kamili, maana watakaoamini kazi yake usiku wa dhoruba ni watu wake mwenyewe.