Meseji ya Salio na Kadi ya Mkopo: Kweli au Uongo?

Mkazi wa Kampala amezoea kusoma meseji ya salio. Tangu kampuni ya simu ya MTN ilipoanzisha huduma ya fedha ya Mobile Money nchini Uganda mwaka 2009, hata muuza nyanya wa soko la Owino husikia simu ikilia, akatazama kilichoingia na kilichobaki, ndipo akamwachia mteja mzigo. Mazoea hayo ni mazuri. Shida huanza mtu anapopewa kadi ya mkopo na benki, kisha akazisoma meseji zake kama anavyosoma za Mobile Money. Yafuatayo ni mambo sita yanayosemwa sana, na ukweli wake.

1. "Salio lililoandikwa kwenye meseji ni fedha zangu."
UONGO. Tuseme kadi yako ina kikomo cha shilingi 4,000,000. Umefanya manunuzi Kisementi, umejaza mafuta, umelipia intaneti. Meseji inaingia: salio 2,900,000. Ingekuwa ni Mobile Money, hizo zingekuwa mali yako. Kwenye kadi ya mkopo, hiyo ni nafasi ya kukopa iliyobaki tu. Habari kubwa haikuandikwa: unadaiwa 1,100,000. Benki nyingine huonyesha deni, nyingine huonyesha nafasi iliyobaki, kwa hiyo uliza benki yako inaonyesha lipi. Kama ni nafasi, kila meseji ikiingia toa salio kwenye kikomo, ulione deni lenyewe.

2. "Maadamu sijafika kikomo, niko salama."
UONGO. Kikomo hupangwa na benki kwa kutazama kipato chako na historia yako ya mikopo. Benki haijui kwamba karo ya watoto inadaiwa mwezi ujao, wala kwamba mama yako kijijini anasubiri dawa. Kikomo chako halisi ni kile utakachoweza kulipa chote mshahara ukiingia. Ikiwa baada ya kodi ya nyumba, karo na chakula unabaki na 600,000, basi hizo 600,000 ndizo mpaka wako, hata kama kadi inaruhusu milioni nne. Ukiwa na programu ya benki inayokuruhusu kuchagua kiwango cha kuarifiwa, weka viwili: deni likifika 300,000, na likifika 500,000. Meseji ya kwanza ikuambie upunguze mwendo, ya pili ikuambie uiache kadi nyumbani.

3. "Meseji haibadilishi tabia ya mtu."
UONGO, na ushahidi wake umetoka hapa hapa Uganda. Watafiti Ximena Cadena na Antoinette Schoar waliwafuatilia wateja wa taasisi ya mikopo midogo nchini, na matokeo yao yakatoka mwaka 2011. Baadhi ya wakopaji waliahidiwa zawadi ya fedha taslimu wakilipa kwa wakati, wengine walitumiwa tu meseji ya kuwakumbusha kabla ya tarehe ya kulipa. Uwezekano wa kulipa kwa wakati ulipanda kwa asilimia 7 hadi 9, na meseji ilifanya kazi karibu sawa na zawadi ya fedha. Funzo lake ni kubwa. Wakopaji wengi hawakuwa wakorofi, tarehe ilikuwa inawapita. Angalia pia kwamba meseji hizo zilitangulia tarehe ya kulipa. Inayokuja baada ya kuchelewa hukuletea habari ya faini tu. Kwa hiyo omba benki ikukumbushe siku kadhaa kabla, na uweke kengele yako mwenyewe kwenye simu.

4. "Kila ninachotumia huonekana pale pale."
SI MARA ZOTE. Hoteli huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako unapoingia, na hesabu kamili ikafanyika siku za baadaye. Ukinunua kitu mtandaoni kwa dola, kiasi cha shilingi huweza kubadilika kidogo kabla muamala haujakamilika. Malipo ya kila mwezi ya filamu au muziki nayo hukatwa yenyewe wakati umeshayasahau. Tena, arifa za programu hutegemea intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Usitegemee arifa peke yake: soma taarifa ya mwezi mstari kwa mstari.

5. "Nikilipa kiwango cha chini kilichotajwa, deni limetulia."
UONGO, na huu ndio unaoumiza zaidi. Chukua mfano wa deni la 2,000,000 kwa riba ya 3% kwa mwezi, na kiwango cha chini cha 10%. Unalipa 200,000, lakini 60,000 zimeliwa na riba na deni limepungua kwa 140,000 pekee. Ukiendelea kununua kwa kadi hiyo hiyo, halipungui kabisa. Kutoa fedha taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo ni ghali zaidi, kwa kuwa kwa kawaida riba huanza siku ile ile. Waliokopa MoKash, huduma ya mikopo ya simu ya MTN iliyoanza mwaka 2016, wanaijua hesabu ya namna hii: ada ya 9% kwa mkopo wa siku 30 ina maana ukichukua 100,000 unarudisha 109,000. Wahenga walishasema, kukopa arusi, kulipa matanga.

6. "Meseji hunikinga na wezi."
KWELI, kwa masharti. Meseji ya muamala usioufanya hukupa nafasi ya kuifunga kadi kabla mwizi hajarudia. Lakini matapeli nao hutuma meseji za uongo: umepokea fedha kimakosa, tafadhali zirudishe. Usiamini maandishi. Piga *165# uone salio lako mwenyewe kama uko MTN, na kwa kadi, piga namba iliyo nyuma ya kadi yenyewe, si ile iliyo ndani ya meseji. PIN na namba za siri za muamala usimpe yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki. Ukibadilisha laini ya simu, ijulishe benki siku hiyo hiyo, maana namba iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine, na siri zako zikaenda kwake.

Kwa hiyo, meseji ya salio ni msaada wa kweli kwa anayeielewa na kuichukulia hatua. Leo hii iulize benki yako mambo matatu: salio wanaloandika ni deni au ni nafasi, tarehe ya mwisho ya kulipa ni ipi, na kila meseji inakugharimu kiasi gani. Kisha panga mpaka wako mwenyewe, na ulipe deni lote kila mwezi.