Hofu ya Namba: Kuishi na Majibu ya Damu Baada ya Kupandikizwa Uloto

Mtu aliyepandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu hurejea nyumbani na vitu viwili: mfuko wa dawa na ratiba ya kupima damu. Dawa huzoeleka baada ya wiki chache. Ratiba ya kipimo ni ngumu kuizoea, kwani kila tarehe huleta swali lile lile: je, ugonjwa umerudi? Wapo wanaokosa usingizi siku tatu kabla ya kutolewa damu. Wapo wanaokunja karatasi ya majibu bila kuisoma, na wapo wanaopima kila wiki kwa fedha zao ilhali daktari ameagiza kila mwezi. Wengine huacha kabisa kwenda kupima, na hao ndio tunaowahofia zaidi.

Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma ya upandikizaji wa uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Wapo pia Watanzania waliopandikizwa nje ya nchi, hasa India. Aidha, wagonjwa wengi wenye saratani ya damu ya aina iendayo polepole hutibiwa kwa vidonge vya imatinibu bila kupandikizwa, nao huishi na ratiba kama hiyo ya vipimo.

Popote tiba ilipofanyika, maisha ya baadaye huendelea nyumbani. Kwa mkazi wa Nachingwea au Ruangwa, maana yake ni kuishi zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, mabasi yalikwama na safari zikasimama. Umbali wa namna hiyo huifanya namba ndogo kwenye karatasi kuwa jambo kubwa. Mgonjwa huwaza nauli, huwaza nani abaki na watoto, na kwa siku kadhaa hubaki na majibu asiyekuwa na wa kumfasiria. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzisoma namba hizo, na jinsi mgonjwa na mhudumu wanavyoweza kupanga mapema ili hofu isiamue kwa niaba yao.

Namba zinazotazamwa

Kipimo cha picha kamili ya damu hutoa namba nyingi, lakini zinazotazamwa kwanza ni tatu. Ya kwanza ni himoglobini, inayoonyesha uwezo wa damu kubeba hewa ya oksijeni. Ya pili ni chembe nyeupe, na hasa zile ziitwazo nutrofili, ambazo ni askari wa kwanza dhidi ya bakteria na kuvu. Ya tatu ni chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa. Mashine nyingi huandika chembe kwa maelfu: chembe sahani 150 kwenye karatasi ni 150,000 katika maikrolita moja ya damu, na nutrofili 0.5 ni 500.

Baada ya upandikizaji, namba hizi huanguka karibu na sifuri, kisha hupanda kadiri uloto mpya unavyoshika. Kwa kawaida uloto huhesabiwa kuwa umeshika pale nutrofili zinapofika 0.5 au zaidi kwa siku tatu mfululizo, jambo ambalo mara nyingi hutokea kati ya wiki ya pili na ya nne. Chembe sahani huchelewa zaidi. Kinga kamili ya mwili huhitaji mwaka au hata zaidi. Hivyo basi, mtu anayeonekana mzima katika mwezi wa nne bado ana uloto mchanga, na uloto mchanga hauendi kwa mstari ulionyooka.

Kwa nini namba hushuka

Mgonjwa akiona namba imeshuka, wazo la kwanza ni saratani. Mara nyingi sababu ni nyingine.

Dawa zenyewe ni sababu mojawapo. Kotrimoksazoli, ambayo wengi hupewa kwa miezi sita au zaidi ili kuwakinga na maambukizi ya mapafu, inaweza kupunguza chembe nyeupe na chembe sahani. Baadhi ya dawa za virusi na za kutuliza kinga hufanya vivyo hivyo. Imatinibu nayo hushusha namba, hasa katika miezi ya mwanzo. Daktari anaweza kupunguza kipimo cha dawa au kuisimamisha kwa muda. Mgonjwa asifanye hivyo mwenyewe.

Maambukizi ni sababu ya pili. Mafua ya kawaida ya virusi huweza kushusha chembe nyeupe kwa wiki moja au mbili. Malaria, ambayo bado ni mzigo mkubwa katika Mkoa wa Lindi, hushusha chembe sahani kwa kiasi kikubwa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua saratani. Kwa hiyo, mgonjwa wa Ruangwa ambaye chembe sahani zake zimeshuka kutoka 160 hadi 80 katika msimu wa mvua anahitaji kipimo cha malaria kabla ya mtu yeyote kutamka neno saratani.

Sababu ya tatu ni ya maumbile. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana antijeni iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu, na kwa asili huwa na nutrofili chache katika damu kuliko Wazungu, pengine kati ya 1.0 na 1.5, bila kuugua zaidi. Mashine zilizowekewa viwango vya Ulaya huichapa namba hiyo kwa alama ya hatari. Aliyepandikizwa uloto wa ndugu yake hurithi pia hali hiyo ya ndugu yake. Kwake, nutrofili 1.3 zilizotulia kwa miezi mingi zinaweza kuwa ndizo za kawaida.

Yote haya hayaondoi ukweli kwamba ugonjwa unaweza kurudi, au uloto mpya ukadhoofika. Ndiyo maana tunapima. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa ufuta anajua kuwa si kila wingu hunyesha, wala hahukumu msimu mzima kwa siku moja kavu. Hutazama wiki kadhaa. Majibu ya damu nayo husomwa kwa mfuatano.

Kipimo nacho hukosea

Kabla ya kuogopa, hakikisha damu yenyewe ilichukuliwa vizuri. Damu hutiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia kuganda. Chupa isipogeuzwa taratibu mara nane hadi kumi, vibonge vidogo vya damu hujitokeza na mashine husoma chembe sahani chache kuliko zilizopo. Kwa baadhi ya watu, dawa hiyo yenyewe huzifanya chembe sahani zishikamane. Sampuli iliyokaa muda mrefu kwenye joto nayo hupotosha. Mtaalamu wa maabara anayetandaza tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini anaweza kumwokolea mgonjwa safari ya bure ya Dar es Salaam.

Mashine mbili pia hazilingani kabisa. Chembe sahani 148 Nachingwea na 139 Lindi mjini wiki hiyo hiyo ni majibu yanayofanana. Inapowezekana, pima mahali pamoja na kwa saa zinazokaribiana.

Maswali matatu ya kuandika daftarini

Hofu hukua pale ambapo namba imetolewa bila maana. Tunamshauri kila mgonjwa awe na daftari moja la majibu, aandike tarehe na zile namba tatu kwa safu, kisha kabla ya kuondoka kliniki amuulize daktari maswali matatu na kuandika majibu yake.

La kwanza: namba zangu za kawaida ni zipi? Jibu liwe la mgonjwa huyu, kwani viwango vilivyochapwa kwenye karatasi ni vya watu wote.

La pili: ni namba ipi inayohitaji kurudiwa kupimwa, na ipi inayohitaji kupiga simu siku hiyo hiyo? Mipaka hii ikiandikwa mapema, mgonjwa hana haja ya kubuni yake usiku wa manane.

La tatu: nampigia nani, na kama hapatikani, nampigia nani mwingine?

Siku ya kupima nayo ipangwe. Nenda na mtu unayemwamini. Uliza majibu yatatoka saa ngapi, na utafute kazi ya mikono ya kufanya wakati wa kungoja. Usipime zaidi ya ulivyoagizwa. Kila kipimo cha ziada huleta mabadiliko madogo yasiyo na maana, na mabadiliko hayo huzaa hofu mpya. Kupumua polepole kwa dakika tano, sala, na matembezi ya jioni husaidia mwili kutulia. Ndugu nao waache kusema “usiwaze”, kwani maneno hayo humfunga mdomo mwenye hofu. Afadhali wamuulize, “Unaogopa nini hasa?” kisha wanyamaze wasikilize.

Hofu inapoendelea karibu kila siku kwa wiki mbili, ikaondoa usingizi au hamu ya kula, au ikamfanya mtu akwepe kliniki, hiyo ni hali inayohitaji tiba kama homa inavyohitaji tiba. Mweleze mhudumu. Mtu anayefikiria kujidhuru afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Kwa wahudumu wa afya

Wewe uliyepo hospitali ya wilaya au zahanati ndiye mfasiri wa kwanza wa karatasi hiyo. Anza na maana, kisha utaje namba: “Mama, shikamoo. Majibu yako yamefanana na ya mwezi uliopita. Chembe sahani ni 132. Mwezi uliopita zilikuwa 138. Hakuna cha kubadilisha leo.” Majibu yakiwa mabaya, usiyafiche wala usiseme tu “nenda Muhimbili haraka”. Eleza kilichoonekana, kinachoweza kusababisha hali hiyo, na hatua inayofuata. Mgonjwa aliyefichwa jambo moja hutilia shaka yote atakayoambiwa baadaye.

Muulize maswali mawili kila anapokuja: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia mwenye wasiwasi? Ni mara ngapi umeshindwa kuuzuia? Huchukua dakika moja.

Kumbuka pia mambo matatu ya kitabibu. Kundi la damu la aliyepandikizwa linaweza kubadilika na kuwa la mchangiaji wake. Familia ikishtuka kuona aliyekuwa O sasa ni A, waeleze kwamba hiyo inaweza kuwa ishara ya uloto mpya kufanya kazi. Pili, kabla ya kumwongezea damu, wasiliana na kituo kilichompandikiza, kwani huenda akahitaji damu iliyoandaliwa kwa namna maalumu. Tatu, mwenye chembe sahani chache asichomwe sindano ya msuli wala asipewe aspirini au diklofenaki.

Wakati wa kutosubiri namba

Lipo jambo moja ambalo halingoji karatasi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliyepandikizwa uloto hivi karibuni, au mwenye nutrofili chini ya 0.5, ni dharura. Asimeze parasetamoli na kulala ili aone asubuhi itakuwaje, kwa sababu dawa hiyo hushusha homa na kuacha maambukizi yakiendelea. Aende hospitali usiku huo huo, na apewe antibiotiki ya mshipa mara moja, bila kungoja majibu ya maabara. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini malaria ikipatikana isimzuie mhudumu kutibu bakteria pia. Kutokwa damu kusikokoma, madoa mekundu mapya kwenye ngozi, kupumua kwa shida, kuhara sana, au macho kugeuka manjano ni sababu nyingine za kwenda siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa barabara inaweza kukatika, familia ya Nachingwea au Ruangwa na ipange sasa: kipimajoto kiwepo nyumbani, nauli au namba ya dereva wa bodaboda na wa gari iwe tayari, na barua ya kituo kilichompandikiza ikae ndani ya daftari la majibu. Mhudumu wa zamu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyo ataisoma barua hiyo na kujua la kufanya ndani ya saa ya kwanza.